Ukoko mweupe ndani ya birika: unatoka wapi, na jinsi ya kuuondoa kwa siki au ndimu

Katika vijiji vingi vinavyotegemea maji ya visima virefu, birika jipya halikai jipya kwa muda mrefu. Baada ya wiki chache chini yake hushika ukoko mweupe au wa kijivu, mgumu kama plasta ya ukuta. Ukimimina chai, vipande vidogo vinaingia kikombeni. Ukichemsha maji, moto unakula kuni nyingi kuliko zamani. Kwenye jagi la umeme, ukoko huo unaweza kukiunguza kabisa kile kipande kinachopasha maji.

Wengine huuchokonoa kwa kisu. Wengine husugua kwa mchanga mpaka sufuria inatoboka. Wapo pia wanaoshauriwa kutumia asidi ya betri, na huo ni ushauri wa hatari sana. Katika makala hii tunaeleza ukoko huu ni kitu gani, unavyoweza kuuondoa kwa vitu vya jikoni, na vitu ambavyo hupaswi kuvichanganya. Mwishoni tunazungumzia swali kubwa zaidi: je, maji yanayoacha ukoko ni salama kwa watoto wako?

Ukoko huu ni nini?

Maji ya mvua yanapoanguka hayana madini karibu yoyote. Yakishuka ardhini hubeba hewa ya kaboni iliyomo kwenye udongo, nayo huyapa maji ukali kidogo. Maji hayo yakipita kwenye miamba yenye chokaa, huyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu na kuyabeba. Ndiyo maana maji ya kisima kirefu, ambayo yamekaa ndani ya miamba kwa miaka mingi, mara nyingi huwa na madini mengi kuliko maji ya mto au ya mvua. Maji ya aina hii huitwa maji magumu.

Maji yakiwa baridi, chokaa hiyo huwa imeyeyuka na huwezi kuiona. Ukiyachemsha, hewa ya kaboni hutoka pamoja na mvuke, na chokaa inashindwa kubaki majini. Inaganda palipo na joto kali zaidi, yaani chini ya sufuria au juu ya chuma cha umeme. Ukoko unaouona ni chokaa ya aina moja na chaki na ganda la yai.

Tuchukue mfano. Maji yenye miligramu 300 za chokaa kwa kila lita ni maji magumu. Familia inayochemsha lita 5 kwa siku inaweza kubakiwa na gramu moja na nusu ya chokaa kila siku. Kwa wiki moja ni kama gramu 10, sawa na vijiko viwili au vitatu vya chai vya unga wa chaki. Hapo unaona kwa nini birika hujaa haraka.

Hakikisha kwanza kuwa ni chokaa

Si kila uchafu mweupe ni chokaa, na siki haiondoi kila kitu. Kuna vipimo viwili rahisi.

Cha kwanza ni sabuni. Weka maji ya kisima kwenye chupa safi, tia vipande vidogo vya sabuni ya mche, kisha tikisa. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya mvua kwenye chupa nyingine. Maji ya mvua yatatoa povu jingi upesi. Maji magumu yatatoa povu kidogo, na utaona utando kama maziwa yaliyokatika. Ndiyo sababu nguo zinazofuliwa kwa maji magumu hula sabuni nyingi.

Cha pili ni ndimu. Bandua kipande kidogo cha ukoko, kiweke kwenye kisosi, kisha kidondoshee maji ya ndimu. Kikitoa vipovu vidogo vidogo, ni chokaa, na njia tunazoeleza hapa zitafaa. Kisipotoa vipovu, huenda ni aina nyingine ya madini, na utahitaji subira na kusugua zaidi.

Tusichanganye pia maji magumu na maji ya chumvi. Maji ya chumvi unayatambua kwa ulimi. Kuyachemsha hakuondoi chumvi hiyo, wala siki haiwezi kuyasaidia.

Kwa nini siki na ndimu hufanya kazi

Siki na ndimu zina asidi. Asidi ikikutana na chokaa, chokaa huvunjika na kuyeyuka majini, na hewa ya kaboni hutoka. Vile vipovu unavyoviona ni hewa hiyo. Vipovu vikikoma na ukoko bado upo, maana yake asidi yako imekwisha nguvu. Mwaga, weka nyingine.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wanakamua ndimu moja kwenye birika lenye ukoko wa miezi sita, halafu wanasema njia hii ni ya uongo. Asidi huliwa kadiri inavyoila chokaa, kwa hiyo kiasi lazima kilingane na kazi. Kwa ukoko wa gramu 10 unahitaji angalau moja kati ya hivi:

– siki ya kawaida ya dukani, yenye asidi ya asilimia 5: robo lita;
– ndimu zenye maji mengi: 9 au 10;
– unga wa asidi ya sitriki, ule unaotumiwa na watengenezaji wa juisi: kijiko kimoja cha chakula kilichojaa.

Ukoko ukiwa mnene mara tatu, kiasi nacho kiwe mara tatu. Kwa ukoko wa zamani ni bora kurudia kazi mara mbili au tatu kuliko kutegemea siku moja.

Kwa siki

1. Mwaga maji yote. Ikiwa ni jagi la umeme, lichomoe kwenye umeme kwanza.
2. Changanya siki na maji, nusu kwa nusu. Mimina mpaka ukoko ufunikwe, lakini usipite nusu ya chombo, kwa sababu mchanganyiko huu huumuka na kutoa povu.
3. Pasha moto mpaka ukaribie kuchemka, kisha ondoa motoni au zima umeme. Fungua dirisha na mlango, kwa kuwa mvuke wa siki huwasha macho.
4. Acha kwa nusu saa hadi saa moja. Asidi ikiwa ya moto hufanya kazi haraka kuliko ikiwa baridi.
5. Mwaga. Sugua kwa kitambaa, kwa gunzi la mahindi au kwa nyuzi za kumbi la nazi. Usitumie kisu.
6. Suuza mara mbili. Chemsha maji matupu mara moja uyamwage, ili chai isinuke siki.

Siki ya asili inayotokana na tembo la mnazi, inayotumika sana pwani, inafaa pia. Nguvu yake hutofautiana, kwa hiyo huenda ukahitaji kuitumia bila kuichanganya na maji.

Kwa ndimu au limau

Kamua ndimu, chuja mbegu na nyama zake, ongeza maji kidogo ili ukoko ufunikwe. Pasha mpaka iwe moto wa kuvumilika, halafu acha kwa saa moja. Maganda usiyatupe. Chovya ganda kwenye chumvi kidogo usugulie sehemu zilizobaki. Msimu ambao ndimu ni nyingi na zinaozea shambani, hii ndiyo njia isiyo na gharama. Msimu ambao ndimu ni ghali, siki au unga wa sitriki utakuwa nafuu zaidi.

Kwa unga, yeyusha kijiko kimoja cha chakula kwenye nusu lita ya maji ya moto na uendelee kama hapo juu. Unga huu hauna harufu, kwa hiyo wengi huupendelea kwa vyombo vya chai.

Ukwaju nao una asidi na unaweza kusaidia kwa ukoko mwembamba. Lakini hufanya kazi polepole na huacha tope jeupe la kusugua. Utumie kama huna kingine.

Angalia chombo chako kimetengenezwa kwa nini

Stili isiyoshika kutu inavumilia siki na ndimu bila shida.

Alumini, ambayo ndiyo sufuria nyingi za nyumbani, huliwa na asidi. Tumia mchanganyiko wa uvuguvugu, usiuchemshe, uache kwa dakika 15 hadi 20 tu, kisha suuza papo hapo. Usiiache na siki usiku kucha. Tena, kwenye sufuria ya alumini ya kuchemshia maji si lazima ung'arishe mpaka uone uso wako. Utando mwembamba wa chokaa hauna madhara, na unaikinga alumini isiguswe na maji. Ondoa ule mnene unaobanduka na kupoteza kuni.

Birika la bati lililopakwa rangi ya kuokwa linavumilia asidi kwa muda mfupi. Kama rangi imebanduka na chuma kinaonekana, suuza haraka na ulikaushe, vinginevyo litashika kutu.

Mtungi wa udongo ni jambo la peke yake. Maji hupenya taratibu kwenye kuta zake na kukaukia nje, na hivyo ndivyo unavyopoza. Madini hayakauki pamoja na maji, hubaki nje kama unga mweupe na kuziba vitundu vidogo. Mtungi ulioziba haupozi maji kama zamani. Usugue nje kwa brashi kavu, halafu kwa maji yenye ndimu kidogo, suuza vizuri na uuanike juani mpaka ukauke.

Vipi kuhusu magadi na soda ya kuokea?

Watu wengi hufundishwa kuchanganya siki na soda ya kuokea kwa sababu mchanganyiko huo hutoa povu la kupendeza. Povu hilo linadanganya. Soda na magadi ni kinyume cha asidi. Zikikutana na siki zinaimaliza nguvu kabla haijaigusa chokaa, nawe unabaki na maji yenye chumvi. Peke yao pia haziyeyushi ukoko wa chokaa.

Magadi yana kazi yake: yanaondoa mafuta, na ukitia kidogo kwenye maji ya kufulia yanayalainisha na kuokoa sabuni. Lakini usiyatumie kusugulia sufuria ya alumini, kwa sababu huila na kuifanya iwe nyeusi.

Mambo ya hatari

Usichanganye siki au ndimu na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kama Jik. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huwasha macho, hubana kifua na inaweza kuharibu mapafu. Hata kutumia moja baada ya nyingine bila kusuuza kunaweza kuleta gesi hiyo. Ikitokea, toka nje mara moja, watoe watoto, acha milango wazi. Anayekohoa mfululizo au kupumua kwa shida apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Usitumie asidi ya betri. Inachoma ngozi na inaweza kupofusha. Iliyotoka kwenye betri iliyotumika ina risasi, yaani ledi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na huwezi kuwa na uhakika kwamba umeisuuza yote kwenye chombo cha chakula. Isitoshe, haifanyi kazi vizuri: ikigusa chokaa hutengeneza tabaka la jasi linalofunika ukoko na kuzuia asidi isipenye.

Kuwa mwangalifu na siki kali inayouzwa ili ukaichanganye na maji mwenyewe. Kabla ya kuchanganywa inaunguza. Ihifadhi mbali na watoto, na usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Je, maji haya ni salama kunywa?

Vipande vya chokaa vyenyewe havina sumu. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji, na Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Wengi huogopa kwamba ukoko huu utajijenga hivyo hivyo kwenye figo. Mwili haufanyi kazi kama birika. Jambo linalochangia sana mawe ya figo ni kunywa maji machache, hasa kwa anayefanya kazi juani. Aliyewahi kupata mawe hayo afuate maelekezo ya daktari wake.

Lakini kuna jambo ambalo ukoko hauwezi kukuonyesha, nalo ni floridi. Floridi haionekani, haina harufu wala ladha. Katika Bonde la Ufa, pembezoni mwa Mlima Meru na Kilimanjaro nchini Tanzania, na maeneo ya Nakuru na Naivasha nchini Kenya, visima na chemchemi nyingi zina floridi kuliko inavyofaa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yake ya utu uzima yanajijenga ndani ya fizi, tangu utotoni hadi karibu miaka 8, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayasafishiki kwa mswaki. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huathirika na miguu inaweza kupinda.

Hapa tunaomba msomaji azingatie: kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale, hivyo inaongezeka katika kila kikombe. Mkaa wa kawaida hauiondoi. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliochomwa kitaalamu unaipunguza, na njia hiyo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha. Magadi ya baadhi ya maziwa ya Bonde la Ufa nayo yana floridi nyingi, kwa hiyo familia za maeneo hayo zipunguze magadi kwenye maharage na mboga za watoto.

Kama watoto wengi kijijini kwenu wana meno ya kahawia, usingoje. Kamati ya maji ya kijiji iombe kisima kipimwe. Tanzania, mahali pa kuanzia ni ofisi ya RUWASA ya wilaya. Kenya, ni ofisi ya maji ya kaunti. Wakati mkisubiri majibu, maji ya mvua yaliyotunzwa vizuri yawekwe akiba kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto wadogo na wajawazito.

Vifaa vingine vinavyoziba kwa chokaa

Pampu ya kunyunyizia dawa shambani. Ncha yake ikiziba, ifungue, iloweke kwenye siki nusu saa, kisha isuuze. Usiitoboe kwa waya, maana tundu likipanuka dawa itamwagika zaidi ya kipimo. Tumia kikopo ambacho hakitarudi jikoni, na vaa glavu.

Mabomba ya umwagiliaji wa matone huziba kwa namna ileile. Fungua miisho ya mabomba mara kwa mara ili maji yasukume uchafu nje kabla haujaganda.

Kifaa cha umeme cha kuongeza unyevunyevu chumbani, kinachotumika katika baadhi ya nyumba za mijini na kwenye nchi za baridi, hupata ukoko huohuo kwenye tangi na sehemu ya kutolea mvuke. Kichomoe, mimina siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha nusu saa, sugua kwa brashi laini na suuza mpaka harufu iishe. Kisiwashwe kikiwa na siki ndani, kwa kuwa mvuke wake utaingia kifuani. Maji yabadilishwe kila siku, kwani maji yaliyolala humo huotesha vijidudu.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuondoa

– Usiache maji yalale kwenye birika. Mwaga na ulipanguse.
– Safisha kila wiki au kila wiki mbili, ukoko ukiwa bado laini. Ndimu mbili tatu za kila wiki zinashinda ndimu thelathini za mwisho wa mwaka.
– Tenga sufuria moja ya bei nafuu kwa kuchemshia maji. Yaache yatulie, mimina ya juu taratibu, na maji hayo ndiyo uweke kwenye jagi la umeme. Sehemu kubwa ya chokaa itakuwa imebaki kwenye ile sufuria.
– Vuna maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, ndipo ukinge. Funika tangi, na yachemshe au yatie dawa ya maji kabla ya kunywa.

Kwa ufupi: pima kwa tone la ndimu, tumia asidi ya kutosha, ipe joto na muda, usiichanganye na klorini, na alumini usiiache muda mrefu. Birika likishakuwa safi, chukua hatua ya pili: uliza kama kisima chenu kimewahi kupimwa floridi, na kilipimwa lini.